Kuni Zilizotoa Povu

Jumapili asubuhi, mwezi wa Julai, 1953

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye meno. Ukungu umeshuka hadi juu ya paa la jiko, na nyasi za uani ni nyeupe kwa umande. Ninaandika kwa penseli, maana kalamu ya wino inadondosha matone vidole vikifa ganzi.

Jana tuliondoa tanga la Samweli.

Nilidhani nikiamka leo nitakuta mambo yametulia kichwani. Hayajatulia. Kila nikifumba macho naona moto kwanza, ndipo naona watu waliouzunguka. Basi nitaandika kama yalivyofuatana.

Samweli alikuwa mume wangu. Alifariki mvua zilipokuwa zinakatika. Kifua kilimbana, na hakukaa kitandani hata wiki moja ikaisha. Hatukujaliwa mtoto. Katika ukoo wao, mjane asiye na mtoto huulizwa siku ya tanga, mbele ya watu wote, kama anakaa au anarudi kwao. Hakuna anayemfukuza. Anaulizwa tu, na jibu lake ndilo linaloshika. Kaka yangu wa Mlowo alikwisha kuniletea habari kwamba amenitayarishia chumba nyuma ya duka lake. Mama mkwe hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo, ila mara moja tu: "Siku ikifika utasema mwenyewe, mwanangu."

Jibu langu nilikuwa nalo. Nakaa. Na mtu akiniuliza unakaa na nini, mwanamke usiye na mtoto wala mume, ningemwonyesha kwa kidole nyuma ya jiko: nakaa na mitufaha ya Samweli.

Iko minne. Ilikuwa minne.

Samweli alitunza bustani ya bwana mmoja wa kahawa kule mgongoni mwa kilima. Bwana yule alipouza shamba lake alimwachia miche minne iliyokuwa ndani ya madebe ya mafuta ya taa. Samweli aliibeba kichwani, debe moja moja, akakataa kuiweka juu ya baiskeli ya mtu kwa kuogopa mtikisiko. Tuliipanda kati ya jiko na migomba. Mimi nilishika mche usimame wima, yeye akawa anarudi nyuma huku amefumba jicho moja ili aone kama umenyooka, akarudi nyuma tena, na tena, mpaka akakaa kitako juu ya mavi ya mbuzi. Nilicheka hadi nikauachia mche ukalala. Ule mti ulikua umeinama kidogo. Hatukuunyoosha.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Ilikuwa bado haijazaa hata tunda moja, na majirani walizoea kuiita fimbo za Samweli.

Sasa niandike kuhusu majani, maana balaa lote limetoka hapo.

Mtufaha ni mti wa nchi za baridi kali. Huko kwao, baridi ikija majani hudondoka yote, mti unalala, na ukiamka unaamka na maua. Baridi ya hapa kwetu inatosha kututetemesha sisi, lakini haitoshi kuulaza mtufaha. Unabaki na majani yake machakavu, nusu umelala na nusu uko macho, kama mtu aliyelala na viatu vyake, na mwisho wake hauchanui. Kwa hiyo wakati kama huu inabidi mtu auvue majani kwa mkono, moja moja. Samweli aliita kazi hiyo kuuvua mti koti. Alikuwa anasukuma kikonyo cha jani kwa dole gumba kwenda juu, taratibu, asije akang'oa na jicho la kuchipulia lililo shinani pake, kwa sababu ua hutoka kwenye jicho hilo. Majani alinitupia mapajani, na nikiwa nimevaa nguo safi alinitupia zaidi.

Mwaka huu nilifanya peke yangu, siku ya Alhamisi, kabla wageni hawajaja. Niliogopa nikingoja tanga lipite, msimu nao utapita. Mti wa kwanza niliuvua nikilia. Wa pili nikilia. Wa tatu nikajikuta ninaimba, na wa nne sikumbuki. Nilipomaliza ilisimama mitupu kama miavuli iliyochanika ikabaki vyuma. Nikafagia majani, nikaenda kuosha mikono.

Sikumwambia mtu.

Niliona ni kazi ya nyumbani tu, kama kupalilia maharage. Miti ya porini hupukutisha majani kila kiangazi na hakuna anayeshangaa. Lakini mti uliopandwa nyumbani ni kitu kingine. Mti wa kahawa haubaki mtupu. Mgomba haubaki mtupu. Mti wa uani ukiwa mtupu, watu wetu wanajua jambo moja tu, kwamba umekufa. Na kama aliyeupanda naye amekufa, hawaulizi hata sababu. Wanasema umemfuata mwenyewe.

Hayo nayajua tangu utoto. Hayakunijia akilini.

Ijumaa, giza limeshaingia, alifika mama mkwe kutoka milima ya Ileje, kwa miguu. Alikuja na binti yake Eliza, ambaye ni wifi yangu, na Andrea, mdogo wake Samweli, anayebeba mizigo mpakani Tunduma. Nilimpigia mama magoti kumwamkia. Alinishika begani, akakaa hivyo. Amekonda. Eliza alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Tangu mazishi anadonoa tu kama kifaranga mgonjwa, wifi. Tonge moja, analizungusha mkononi mpaka linakauka." Nyuma ya jiko hakwenda mtu usiku ule.

Jana ndiyo ikawa siku yenyewe.

Siku ya tanga, moto uliowaka tangu msibani huzimwa, majivu yakatupwa, ukawashwa mwingine mpya. Kuni za moto huo haziletwi kutoka porini wala kwa jirani. Zinatafutwa hapohapo kwa marehemu: nguzo ya ua iliyooza, kigoda kilichovunjika mguu, mti uliokauka. Tunasema chakula cha siku hiyo amekipika yeye mwenyewe, anawaaga wageni wake. Hata sisi wa kanisani tumebaki na desturi hiyo. Mwinjilisti wetu haikatazi, anasema moto ni moto.

Wakati watu wanafanya kazi hizo, mjane hayupo nyumbani. Wajane wenzake wanampeleka kijitoni kumwogesha na kumnyoa, wanamvua kaniki na kumvika nguo nyeupe. Nami walinipeleka. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kukata pumzi, na mjane mmoja mzee alinimwagia kibuyu kizima mgongoni akaniambia, "Piga kelele, mama. Maji haya hayana heshima kwa mtu." Nikapiga kelele. Wakacheka wote, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Samweli alipofariki. Nilirudi nikiwa mwepesi. Nilisikia harufu ya moshi kutoka mbali, nikawaza tu kwamba nina njaa.

Nikazunguka nyuma ya jiko kuchukua ungo.

Hapakuwa na miti.

Nilisimama. Kitu cha kwanza nilichowaza, nakumbuka vizuri, ni kwamba kumbe migomba iko karibu hivi. Siku zote nilikuwa naiona kupitia mitufaha, nikidhani iko mbali kidogo. Niliitazama migomba kwa muda. Ndipo macho yakashuka, nikaona visiki. Vitatu vilikuwa vimekatwa kwa shoka kimo cha goti, vyeupe, vimelowa. Wa nne, ule ulioinama, ulikuwa umeng'olewa kabisa na shimo lake kufukiwa. Halafu mtu alikuwa amepafagia. Alama za ufagio zilipita kando ya kila kisiki, safi, bila kuacha takataka hata moja.

Eliza akatokea nyuma yangu akijipangusa mikono.

"Wifi, umeona tulivyokusafishia? Huku nyuma palikuwa panatisha! Mtu anatoka kuogeshwa, anakuta mizimu minne imesimama inamsubiri!"

Na Andrea akadakia kutoka motoni, kwa sauti ya kusikika na wageni wote, "Shemeji! Kaka yangu alipanda fimbo akangoja matunda miaka mitatu. Leo zimezaa! Zimezaa ugali!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliochoka kulia. Kinywa changu nacho kikafunguka kama cha mtu anayecheka.

Nimejiuliza tangu jana kwa nini sikusema palepale. Sikujizuia. Maneno hayakuwepo. Mtu akanishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka karibu na mama mkwe, karibu na moto.

Mama alikuwa anatabasamu.

"Ni mimi niliyemwonyesha Andrea," akaniambia. "Nilipoona ile miti nikasema, tazameni, mwanangu ametuachia kuni zake mwenyewe. Hakutaka mama yake ahangaike kutafuta."

Akamega tonge la kwanza la ugali wa ulezi, akalichovya kwenye mchuzi wa kuku, akalitia mkononi mwangu. Kisha akamega lake. Akala. Akamega lingine, akala tena, na mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko akaulamba kama msichana. Eliza, upande wa pili wa moto, akanikonyeza huku machozi yanamlengalenga. Mama anakula.

Nikatia tonge kinywani. Nikalimeza.

Hapo ndipo maneno yaliponirudia, na hapo ndipo nilipoamua kutoyatumia. Miti imekwisha, nilijiambia. Nikisema, miti hairudi, na huyu mama hatakula tena. Nitanyamaza mpaka kaburini. Naandika hivi bila kujua hata leo kama ulikuwa wema au woga. Nadhani vilikuwa pamoja.

Baada ya chakula cha kwanza baba mdogo wa Samweli, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akakohoa ili watu wanyamaze. Akaniita kwa jina.

"Lea, binti yetu. Umekaa nasi vizuri. Hatuna neno baya juu yako. Leo tunakuuliza mbele ya watu hawa, unakaa, au unarudi kwa kaka yako?"

Nikafungua kinywa kusema nakaa. Nikatafuta sababu yangu ya kuonyesha kwa kidole, na sababu yangu ilikuwa chini ya chungu. Nikautazama moto. Sikuweza kuondoa macho.

Kwa kuwa nilikuwa nautazama, mama mkwe naye akautazama.

Kuni kavu haitoi povu. Hakuna mwanamke asiyelijua hilo. Ncha ya mti mmoja, ule upande uliokuwa nje ya moto, ilikuwa inachemka, povu jeupe likijaa na kupasuka, na maji yake yakidondoka kwenye majivu. Ilikuwa inapiga mluzi mwembamba. Sijui ilikuwa imepiga mluzi huo tangu saa ngapi. Vicheko vilikuwa vimeufunika.

Mama alikuwa ameshika tonge. Akaliweka chini, kwenye udongo. Akanyoosha mkono mtupu, akauvuta ule mti kutoka motoni. Eliza akamwita, "Mama, utaungua!" Hakusikia. Akaunusa. Akakwangua gome kwa ukucha wa dole gumba, na chini ya gome palikuwa na kijani, kijani kibichi cha njegere.

"Lea," akasema. "Huu mti ulikuwa umekufa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilitaka kusema ndiyo.

"Ulikuwa umelala, mama."

"Na majani?"

"Niliyatoa mimi. Samweli alikuwa anayatoa kila mwaka ili uchanue."

"Sasa mbona hukusema!" Eliza alipiga kelele. "Wifi! Mdomo wako ulikuwa umemwazima nani?"



Mama hakupiga kelele. Alikitazama chungu, akaitazama ile kuni, akakitazama kiganja chake kilichokuwa kimeanza kuvimba. Kisha akanyanyuka, akaenda hadi pembeni ya ua, akainama, akatia vidole kooni. Tulimsikia sote. Chakula cha kwanza alichokula akashiba tangu alipomzika mwanawe, alikirudisha chote. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Mwinjilisti alivua kofia, hakuomba, akabaki ameishika tu.

Andrea ndiye aliyenitisha zaidi. Alianza kuchomoa kuni motoni moja baada ya nyingine, kwa mikono, anazitupa nyuma yake kwenye vumbi, huku anasema, "Nilidhani ni umande tu. Nimemkata kaka, nimemkata kaka." Chungu kikapinduka. Mchuzi ukamwagika mpaka kwenye mikeka, watu wakaruka, kuku waliobaki hai wakaja kudonoa. Tanga la mume wangu likawa hivyo.

Sijui ni nini kilichoniinua. Nilimshika Andrea bega.

"Vijiti viko wapi? Vya juu, vile vyembamba."

"Vijiti gani?"

"Matawi, Andrea! Mlipokata, matawi mmeyatupa wapi?"

Akaonyesha jalala. Eliza alikuwa amekwisha kupeleka kaa la moto huko ili kuchoma taka zote, na moshi ulikuwa umeanza kutoka chini. Nilikimbia na nguo yangu nyeupe ya kuondolewa ujane, nikapiga magoti kwenye taka, nikawa navuta vijiti ambavyo moto haujavifikia. Eliza akaja kuvuta upande mwingine bila kuniuliza. Vingine vilikuwa vimepikika, gome linateleza ukilishika. Vile vilivyokuwa baridi niliviweka kifuani.

Mtufaha una sehemu mbili. Mguu wake ni wa mti mwitu, na kichwa chake ni cha mti wa tunda, vimeunganishwa na mtu ungali mdogo, na shoka lilikuwa limepita chini ya kiungo hicho. Kisiki kikiachwa kitachipua, lakini kitachipua mwitu. Ili kirudi kuwa mti wa Samweli lazima kiwekewe kijiti chake mwenyewe tena, na kijiti kikubali. Nilimwona Samweli akifanya hivyo kule bustanini kwa bwana wa kahawa. Kazi yangu ilikuwa kumshikia nyuzi za mgomba na kumpa moja anapoomba. Kisu sikuwahi kukigusa.

Jana nilikigusa. Kisiki cha kwanza nilikipasua kwa nguvu nyingi mno, kikachanika mpaka ardhini. Nikakaa nikakitazama. Watu walikuwa wanatazama kwa mbali, wanawake wameshika midomo. Nadhani waliamini nimerukwa na akili.

Mama mkwe akaja. Alikuwa ameosha uso na kusukutua, na mkono ulioungua alikuwa ameuchovya kwenye unga. Akapiga magoti kwenye kisiki cha pili, ng'ambo yangu, tukawa tumeelekeana.

"Nishike wapi?" akauliza.

Sijawahi kumwamuru mama mkwe katika maisha yangu. Hata kumtaja jina siwezi. Jana nilimwamuru kama mtoto: shika hapa, kaza, usitikisike, legeza kidogo. Alishika. Nilipasua kidogo kidogo kwa kugonga kisu na jiwe. Nikachonga kijiti kiwe na ncha bapa, nikakiingiza pembeni, ngozi ya kijani iguse ngozi ya kijani, ndivyo Samweli alivyokuwa anasema, ngozi kwa ngozi. Eliza alichana nyuzi za mgomba. Andrea aliingia ndani akatoka na donge la nta ambalo kaka yake alipakia uzi wa kushonea viatu, akaliyeyusha juu ya kaa, juu ya kaa la kuni zilezile. Alipokuwa anaipaka kwenye viungo, kamasi zinamchuruzika, akasema, "Kaka angetucheka leo. Tumemchinja mgonjwa kisha tunamfunga bandeji." Hakuna aliyemkemea. Mama alitoa sauti ndogo ambayo labda ilikuwa kicheko.

Jua lilipoanguka tulikuwa tumefunga visiki viwili, kila kimoja vijiti viwili. Vijiti vinne vyembamba vimesimama kwenye nyuzi za mgomba na nta. Ukivitazama huwezi kuamini kitu chochote juu yake.

Wageni walikuwa wameondoka. Baba mdogo aliaga kwa kuniambia jibu litangoja. Haijawahi kutokea katika ukoo wao tanga likaondolewa na jibu likangoja, na niliona usoni mwake jinsi lilivyomtaabisha.

Hayo ndiyo ya jana.

Leo nilipofungua mlango nilimkuta mama ameshakaa kule nyuma, juu ya kigoda, amejifunika blanketi mpaka kichwani, ana fimbo ya kufukuzia mbuzi. Sijui alitoka saa ngapi. Umande ulikuwa mweupe juu ya blanketi. Nilimpelekea uji. Alipokea kwa mkono mzima, akanywa funda moja, nikashukuru Mungu kimyakimya kwa hilo funda moja.

Kisha akasema bila kunitazama, "Jana ulikuwa unataka kusema unakaa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya miti."

Nilimvutia blanketi vizuri mabegani.

"Na hii isiposhika?"

Nikamwambia nakwenda kuongeza kuni jikoni. Nikaingia ndani, nikachukua daftari hili. Nimejificha. Mwanamke mzima, nimemkimbia mama mkwe mwenye mkono mmoja na kikombe cha uji.

Nimelitafakari swali lake kwa kurasa zote hizi, na linanishtua kuliko visiki. Maana niligundua nilipokuwa naandika kwamba sijui kama niliwahi kutaka kukaa kwa ajili ya miti. Miti ilikuwa kitu cha kuonyesha kwa kidole. Mbele ya ukoo huwezi kusimama ukasema nakaa kwa sababu ya huyu mama. Watakuuliza, wewe na yeye mna nini, na mwanawe aliyewaunganisha yuko ardhini?

Tuna nini? Nilipoolewa nilikuwa sijui hata kusaga. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, hakunifundisha. Ulezi wa kwanza niliomsagia mama mkwe ulijaa mchanga wa jiwe, sikujua kulifuta jiwe kabla ya kusaga. Alikula ugali ule wote mbele ya wageni, akausifu. Baadaye niliona pembe ya khanga yake imefungwa fundo, nikadhani ni hela. Alikuwa anatema mawe humo, moja moja, ili wageni wasisikie yakianguka kwenye sahani. Hakuniambia. Alinifundisha kusaga siku nyingine kabisa, kana kwamba ni jambo lililomjia tu.

Mtu wa namna hiyo yuko nyuma ya jiko langu kwenye baridi hii, analinda vijiti, anadhani vikikauka atakuwa amenipoteza nami.

Vijiti vikishika, macho ya kuchipulia yatavimba mvua zikikaribia. Visiposhika, vitasinyaa mapema zaidi ya hapo, tutaviona. Nikingoja mpaka tuone, hata nikisema nakaa, hatajua kama nimemjibu yeye au nimeijibu miti. Kwa hiyo inabidi nimwambie leo kwamba nakaa, wakati hakuna kati yetu anayejua kitu.

Kengele ya kwanza ya kanisa imelia. Waumini watapita hapa njiani na watachungulia, waache wachungulie. Nitachukua kigoda cha pili na uji mwingine, ule wake utakuwa umepoa.